Tiketi za wakongwe wa roki: mbona ghali, na mbona haziishi?

Kila bendi ya roki iliyoanza wazazi wetu wakiwa vijana inapotangaza ziara ya viwanja vikubwa, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Wengi wanaouliza ni ndugu zetu wanaoishi Marekani na Uingereza. Wengine wako nyumbani na wanapanga safari. Kinachowachanganya ni hiki: bei inatisha, mauzo yanasuasua, viti vinabaki hadi wiki ya onyesho, na bado bei haishuki. Nimeyakusanya maswali hayo hapa. Muziki huu naupenda tangu utotoni, kwa hiyo sitaficha pale ninapoona mashabiki wanaonewa.

Kwa nini kuwaona wazee wa miaka 70 na 80 kunagharimu dola 300, 500, hata kupita 1,000?

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu wapatao 55,600, na mapato yakawa kama dola 304,000. Ukigawanya, kila mtu alilipa dola tano na nusu hivi. Enzi hizo, na kwa miaka mingi baadaye, ziara ilikuwa tangazo la santuri. Msanii alikubali kupata kidogo jukwaani kwa sababu fedha yake ilikuwa dukani.

Mwaka 1994 Eagles walirudi baada ya kuwa wametengana tangu 1980, wakauza viti vizuri kwa zaidi ya dola 100. Watu walinung'unika, lakini wakanunua. Wasanii wengine wa rika lao waliliona hilo, na mpaka uliokuwa ukiheshimiwa ukavunjika. Miaka mitano baadaye ikaja Napster, vijana wakaanza kupakua nyimbo bure, na mauzo ya CD yakaporomoka. David Bowie alisema mwaka 2002 kwamba muziki utakuwa kama maji ya bomba au umeme, na kwamba wanamuziki wajiandae kuzunguka sana kwenye maonyesho, maana hicho ndicho kitu pekee kitakachobaki. Mchumi Alan Krueger wa Princeton alipopiga hesabu alikuta kwamba kati ya 1996 na 2003 wastani wa bei ya tiketi Marekani ulipanda kwa asilimia 82, wakati bei za bidhaa kwa ujumla zilipanda kwa asilimia 17. Kwa ziara 100 kubwa duniani, mwaka 2023 wastani huo ulivuka dola 130. Kumbuka kwamba huo ni wastani, pamoja na viti vya juu kabisa nyuma ya nguzo.

Ipo sababu nyingine, na hii inawahusu wakongwe peke yao. Shabiki aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1975 leo amestaafu, watoto wameondoka nyumbani, nyumba ameimaliza kulipia. Ziara ya Rolling Stones ya mwaka 2024 ilidhaminiwa na AARP, jumuiya ya Wamarekani waliofikisha miaka 50 na kuendelea. Wanaopanga bei wanajua kabisa nani anakuja. Wanajua pia kwamba shabiki huyo anahesabu miaka: Charlie Watts, mpiga ngoma wa Rolling Stones, alifariki Agosti 2021, na Mick Jagger, mwimbaji wao, aliimaliza ziara ile ya 2024 Julai 21, siku tano kabla ya kutimiza miaka 81. Hofu ya kuchelewa ni sehemu ya bidhaa inayouzwa. Hapo ndipo moyo wangu unapouma.

Gharama nazo ni za kweli. Ziara ya viwanja hutembea na msururu mrefu wa malori na mamia ya wafanyakazi, na mara nyingi huwa na mifupa ya jukwaa zaidi ya mmoja, ili mmoja ukitumika mji huu mwingine uwe unafungwa mji unaofuata. Lakini gharama hizo peke yake hazitoshi kueleza kiti cha dola 1,000.

Nani hasa anapanga bei? Ticketmaster?

Lawama nyingi hutupiwa Ticketmaster, kampuni kubwa ya kuuza tiketi, na anastahili sehemu yake. Hata hivyo, bei ya tiketi hukubaliwa na msanii, meneja wake na promota, yaani mwandaaji wa maonyesho. Muuzaji ni dirisha tu, na malipo yake hutoka kwenye ada.

Kwa kawaida promota humhakikishia msanii kiasi fulani kabla hata tiketi moja haijauzwa. Gharama zikishatolewa, faida inayobaki hugawanywa, na msanii mkubwa huchukua asilimia 85 au 90. Mwaka 1989 promota wa Kanada, Michael Cohl, aliwaendea Rolling Stones na ofa ya kuinunua ziara yote kwa mkupuo badala ya kila mji kuwa na promota wake. Mtindo huo ukaenea. Sasa fikiria: mtu aliyeahidi mamilioni kabla ya kuanza atarudishaje fedha yake? Atazitafuta kwenye kiti chako.

Live Nation, promota mkubwa kuliko wote, aliungana na Ticketmaster mwaka 2010. Kampuni hiyo moja huandaa maonyesho, huuza tiketi, huendesha kumbi na kusimamia wasanii. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani na majimbo kadhaa waliifungulia kesi ya kuhodhi soko. Mimi naiunga mkono kesi hiyo, ila simshauri mtu aamini kwamba kampuni ikivunjwa, wakongwe wataanza kuuza kwa dola 40. Aliyekubali bei bado atakuwa yuleyule.

Hiyo "bei inayobadilika" ni kitu gani?

Ni kuuza tiketi kama mashirika ya ndege yanavyouza viti: wanunuzi wakiwa wengi bei inapanda palepale. Julai 2022 mashabiki wa Bruce Springsteen waliamka alfajiri, wakakaa kwenye foleni ya mtandaoni, na zamu yao ilipofika wakakuta baadhi ya viti vimepaa hadi dola 4,000 na 5,000. Ticketmaster ilijitetea kwamba tiketi za aina hiyo zilikuwa asilimia 11.8 tu, kwamba nyingine ziliuzwa kwa bei iliyopangwa kati ya dola 59.50 na 399, na kwamba wastani wa zote ulikuwa dola 262. Springsteen mwenyewe, alipohojiwa baadaye mwaka huo, alisema kwa miaka mingi aliuza chini ya wenzake na kuwatazama walanguzi wakichukua tofauti. Safari hii aliamua kufanya kama wengine.

Hoja hiyo ina uzito, sitaibeza. Lakini huyu ndiye mtu aliyeimba maisha ya wafanyakazi wa viwandani kwa miaka 50. Jarida la mashabiki wake, Backstreets, lililokuwepo tangu 1980, lilifungwa Februari 2023. Waendeshaji wake walisema wazi kwamba bei za tiketi ziliwakata mioyo. Watu waliomwandikia miaka 43 wakaona hawana tena nguvu ya kuendelea. Hasara ya namna hiyo haionekani kwenye hesabu za ziara.

Tofautisha jambo hilo na lililotokea kwa Oasis Agosti 2024. Tiketi za kusimama zilizotangazwa kwa takriban pauni 150 zilionekana kwa zaidi ya 350 baada ya watu kukaa saa nyingi kwenye foleni. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilichunguza na haikukuta kompyuta iliyokuwa ikipandisha bei dakika kwa dakika. Ilikuta tiketi za aina moja zimewekwa kwenye mafungu mawili: la bei nafuu lilipokwisha, la bei kubwa likafunguliwa, na waliokuwa kwenye foleni hawakuambiwa. Septemba 2025 Ticketmaster ilikubali kwamba mpango kama huo utatangazwa saa 24 kabla ya mauzo. Kwa mtu aliyenunua huku jasho likimtoka, tofauti hiyo ni ndogo.

Kama hazinunuliwi, kwa nini wasishushe bei tu?

Hili ndilo swali kubwa. Wengi hudhani kiti kilicho wazi mwezi mmoja kabla ya onyesho ni kosa la hesabu. Mara nyingi ni mpango.

Zamani sifa ya ziara ilikuwa kuisha tiketi kwa dakika kumi. Lakini zikiisha kwa dakika kumi, maana yake ziliuzwa chini ya bei ambayo watu walikuwa tayari kulipa, na walanguzi ndio waliokula tofauti. Kwa hiyo wapangaji waligeuza mchezo. Wanaanza na bei ya juu sana, wanauza polepole kwa miezi, na kila wiki wanatazama nani amejitokeza. Ziara ya Taylor Swift ya mwaka 2018 ndiyo iliyoufanya mtindo huu ujulikane. Magazeti yalikuwa yakiandika kwamba viti vimemdodea. Ziara ilipokwisha ilikuwa imeivunja rekodi ya mapato ya Marekani iliyokuwa ikishikiliwa na Rolling Stones. Mapromota wote walilisoma somo hilo, wa roki wakiwemo.

Kushusha bei hadharani kuna hatari yake pia. Aliyelipa dola 400 Februari akiona kiti cha jirani kinatangazwa kwa 120 mwezi Juni, hatanunua mapema tena maishani. Ndiyo maana punguzo hupitishwa mlango wa nyuma. Mwaka 2013 Rolling Stones walipanga viti vya kawaida kati ya dola 150 na 600, mauzo yakawa mazito katika baadhi ya miji, ukiwemo Los Angeles. Wakaachia tiketi nyingi za dola 85 kwa utaratibu maalumu: unanunua mbili, hujui utakaa wapi, unakabidhiwa kiti usiku wa onyesho. Wengine walipelekwa juu kabisa, wengine wakajikuta karibu na jukwaa. Utaratibu huo wameendelea nao kwenye ziara za baadaye kwa jina la Lucky Dip. Njia nyingine ni za kimyakimya zaidi: msimbo wa punguzo kwa wenye kadi ya benki fulani, tiketi za wafanyakazi wa hospitali au wanajeshi, ofa za siku chache za kiangazi ambapo Live Nation huuza maelfu ya tiketi kwa dola 25 au 30, na wakati mwingine tiketi za bure zinazogawiwa ili kamera zisione viti vitupu.

Matokeo yake ni kwamba anayeipenda bendi zaidi, aliyekesha siku ya kwanza, ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote. Aliyekumbuka wiki ya mwisho anakaa kando yake kwa robo ya fedha. Zamani uaminifu wa shabiki ulikuwa unampa nafasi ya mbele. Siku hizi unamtoza faini.

Alama za buluu kwenye ramani ya viti zinamaanisha nini?

Kwenye ramani ya Ticketmaster kila nukta ya buluu ni kiti ambacho mwandaaji hajakiuza. Zenye rangi nyingine, nyekundu au waridi, huwa zinauzwa tena na mtu aliyekwisha kununua. Ukiona bahari ya buluu wiki mbili kabla, mauzo ni ya taratibu kweli. Lakini usizihesabu ukadhani umepata idadi kamili ya viti vilivyobaki. Viti vingi huzuiliwa kwa ajili ya wadhamini, wageni wa bendi na mitambo, na huachiwa kwa mafungu. Uwanja unaweza kuonekana umejaa Jumatatu, Jumatano ukaona viti 2,000 vipya.

Kwa hiyo mauzo ya taratibu si dalili ya kushindwa?

Inategemea. Maonyesho 18 ya Rolling Stones yaliyoripotiwa mwaka 2024 yaliingiza dola milioni 235 kwa tiketi 848,000. Huo ni wastani wa dola 277 kwa kichwa na watu 47,000 kwa usiku, katika ziara iliyopitia zaidi viwanja vinavyobeba 60,000 na kuendelea. Hakuna mhasibu atakayelia kwa hesabu hiyo. Watu wachache kwa bei kubwa wanaweza kulipa kuliko umati kwa bei ya haki.

Shida ya kweli ina dalili zake: vizimba vya juu vinafunikwa mapazia meusi, onyesho linahamishwa kutoka uwanja wa mpira kwenda ukumbi mdogo wa ndani, au miji miwili mitatu inafutwa kwa tangazo fupi lisilotaja sababu ya maana. Ukiona lolote kati ya hayo, jua mauzo yamekwama.

Ninunue lini?

Kama ni onyesho la mjini kwako na huna shida ukikosa, subiri. Tazama tovuti rasmi siku tatu za mwisho, hasa baada ya jukwaa kufungwa uwanjani, maana hapo ndipo mafundi wanapojua viti gani vinaona vizuri na kuviachia. Wanaouza tena nao huanza kushusha saa 48 za mwisho, na mchana wa siku yenyewe baadhi hukubali hasara kuliko tiketi kuwaungulia mkononi.

Kama unasafiri, au unampeleka mzazi ambaye ameisubiri siku hii tangu ujana wake, usicheze kamari. Nunua mapema, lakini nunua kiti cha bei iliyopangwa, cha pembeni au cha juu, vile ambavyo kwetu uwanjani tungeviita mzunguko. Uwanja wa watu 70,000 una skrini kubwa, na kutoka kiti cha dola 600 kwenda cha 150 mara nyingi utamwona mwimbaji kupitia skrini ileile. Viti vinavyoitwa Platinum viepuke: ni viti vya kawaida kwa bei inayobadilika, havina chakula, zawadi wala kukutana na msanii.

Walanguzi je?

Wapo, na siku hizi hawasimami getini wamekunja noti. Wanatumia programu zinazonunua mamia ya tiketi kabla wewe hujamaliza kuandika jina lako. Marekani ilizipiga marufuku programu hizo kwa sheria ya Desemba 2016, lakini utekelezaji wake umekuwa hafifu. Ireland ilikwenda mbele zaidi mwaka 2021 kwa kukataza kuuza tena tiketi kwa bei iliyozidi ya awali, na Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kufanya hivyo hivyo. Naona hiyo ndiyo dawa, kwa sababu inamwondolea msanii kisingizio cha kusema "nisipochukua mimi atachukua mlanguzi".

Tahadhari moja kwa wanaonunua wakiwa mbali: usimtumie mtu fedha kwa sababu amekuonyesha picha ya tiketi. Tiketi za viwanja siku hizi hukaa kwenye simu na huhamishwa kutoka akaunti kwenda akaunti. Picha haifungui geti.

Mbona bei ya mwisho inazidi niliyoiona mwanzo?

Ada. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ya mwaka 2018 ilikuta ada ni wastani wa asilimia 27 ya bei ya tiketi kwa muuzaji wa kwanza, na 31 kwa anayeuza tena. Tangu Mei 2025 wauzaji wa Marekani wanalazimika kuonyesha bei kamili tangu mwanzo. Ada zenyewe hazijaondoka. Zimeacha tu kujificha.

Wapo wakongwe waliokataa mtindo huu?

Wapo, na wanastahili kutajwa. Pearl Jam, walipokuwa bado vijana, mwaka 1994 walitaka tiketi yao pamoja na ada isizidi dola 20. Waliishtaki Ticketmaster kwa Wizara ya Sheria, na wawili kati yao wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Mwaka uliofuata wizara iliufunga uchunguzi na wao wakabaki na ziara iliyovurugika.

Robert Smith wa The Cure alifanikiwa zaidi mwaka 2023. Alikataa bei inayobadilika, alikataa Platinum, akaanzisha tiketi kwenye dola 20. Mashabiki walipomwonyesha risiti ambazo ada ilikuwa kubwa kuliko tiketi, alipaza sauti hadharani hadi Ticketmaster ikarudisha dola 5 au 10 kwa kila tiketi. Kila ninapoambiwa kwamba msanii hana uwezo wa kuzuia bei, namkumbuka yeye. Kumbi zake zilijaa.

Ziara hizi zitafika kwetu Afrika Mashariki?

Ratiba za ziara hizi kwa kawaida ni Amerika Kaskazini na Kusini, Ulaya, Japani na Australia. Inaniuma zaidi ninapokumbuka kwamba Freddie Mercury wa Queen, mmoja wa sauti kubwa kuliko zote zilizowahi kusikika viwanjani, alizaliwa Unguja, Septemba 1946. Anayesafiri kutoka nyumbani nampa ushauri mmoja: pata viza kwanza, tiketi baadaye. Mauzo yakiwa ya taratibu kama yalivyo sasa, kiti utakipata.

Nikinunua, kisha msanii akaugua?

Kwa umri wao, jiandae kwa hilo. Septemba 2023 Springsteen aliahirisha maonyesho yote yaliyobaki ya mwezi huo kwa vidonda vya tumbo na kuyasogeza mwaka uliofuata. Agosti 2024 Aerosmith walistaafu kabisa ziara kwa sababu koo la Steven Tyler, aliyeumia mwaka mmoja kabla, halikupona. Onyesho likifutwa unarudishiwa fedha ya tiketi. Likiahirishwa, soma masharti siku hiyohiyo, kwani mara nyingi dirisha la kuomba fedha ni fupi na usipoomba tiketi yako huhamia tarehe mpya. Nauli na hoteli hakuna atakayekurudishia, kwa hiyo chagua hoteli inayokuruhusu kufuta nafasi uliyoweka.

Nimelipa bei kubwa, sasa imeshuka. Nitarudishiwa tofauti?

Kwa kawaida hapana. Mimi mwenyewe niliwahi kununua viti viwili siku ya kwanza, mimi na kaka yangu, kwa fedha tuliyoichanga miezi mitatu. Usiku wa onyesho kijana aliyekaa kushoto kwetu alituambia alinunua chake mchana ule, kwa chini ya nusu. Niliandika kwa muuzaji, nikajibiwa kwa heshima kwamba mauzo yote ni ya mwisho.

Andika hata hivyo. Baadhi ya wanaoandika wamewahi kupewa msimbo wa punguzo kwa ziara inayofuata, au kuhamishiwa viti vya mbele vilivyobaki wazi. Nenda pia dirisha la tiketi la uwanjani saa mbili kabla ya onyesho, ukiwa na risiti yako, uulize kwa upole kama kuna nafasi za kusogezwa mbele. Kaka yangu aliuliza safari iliyofuata, mji mwingine, bendi nyingine. Tulisogezwa safu 30.